Neema, kujisalimisha na ushirika: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa polepole. Machache yaliulizwa hadharani, katikati ya somo. Mengi yaliulizwa kwa sauti ya chini baada ya ibada, muulizaji akiwa ameshashika kitasa cha mlango tayari kuondoka. Ninayejibu si mwanateolojia. Nimeongoza kikundi kidogo cha ushirika kwa miaka kadhaa, na mengi ya haya nimeyajifunza kwa kukosea kwanza. Mistari imenukuliwa kutoka Biblia ya Union Version.

Neema ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni wema wa Mungu kwa mtu asiyeustahili. Hutolewa kabla hujauomba, na baada ya kuupokea hakuna anayekuja kukudai. Paulo aliwaandikia Waefeso: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu" (Waefeso 2:8-9). Mshahara mtu huudai kwa sababu ameutolea jasho. Kipawa hakidaiwi, hupokewa.

Kwa mdomo wengi tunalikubali hilo. Shida huonekana tunapopiga magoti. Nilimsikia dada mmoja akianza sala yake hivi: "Bwana, wiki hii sikukutafuta kabisa, kwa hiyo leo sitaomba mengi." Aliomba kama mtu anayekwenda kukopa penye deni la zamani. Sikucheka, maana mimi mwenyewe nimeomba hivyo mara nyingi, ila sikuwahi kuwa mkweli kiasi cha kulitamka.

Ukitaka kuiona neema ikitembea, soma tena mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15, na uhesabu maneno yake. Akiwa kwa nguruwe, kijana alitunga maneno ya kumwambia baba yake, na yalikuwa na sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika nyumbani alisema ya kwanza, akasema ya pili. Ya tatu haimo. Baba alikuwa ameshaanza kuagiza joho, pete na viatu. Lile ombi la kupokewa kama kibarua halikupata nafasi ya kutoka mdomoni.

Kama ni bure, matendo mema yana kazi gani?

Watu husoma Waefeso 2 mpaka mstari wa 9, kisha wakafunga kitabu. Mstari wa 10 unaendelea kusema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali. Basi matendo yapo, na yana mahali pake: baada ya neema, si kabla yake. Mtoto hafagii uwanja ili apate kuwa mtoto wa nyumba ile. Hufagia kwa kuwa ni kwao.

Tito 2:11-12 inaongeza jambo ambalo mimi nililipita kwa miaka: neema ya Mungu "yatufundisha kukataa ubaya". Neema inayosamehe ndiyo hiyohiyo inayofundisha, na mwalimu mzuri hachoki na mwanafunzi mzito.

Wengine huuliza kama hapa Wakatoliki na Waprotestanti hawatofautiani. Walitofautiana vikali tangu karne ya 16. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi azimio la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikiri kwa sauti moja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, wala si kwa stahili yoyote tuliyo nayo, na kwamba neema hiyo hutuita kwenye matendo mema. Mwaka 2006 Wamethodisti nao waliliunga mkono. Tofauti zilizobaki ni za kweli, lakini kwenye jambo hili la msingi usikubali mtu akugombanishe na jirani yako.

Je, mtu si ataigeuza neema kuwa kibali cha kutenda dhambi?

Anaweza, na wapo wafanyao hivyo. Paulo aliulizwa swali hilohilo na jibu lake ni neno moja: "Hasha!" (Warumi 6:2).

Kuna historia inayonitia uzito kila ninapoifikiria. John Newton, yule Mwingereza ambaye wimbo wake wa neema unaimbwa mpaka leo duniani kote, alimlilia Mungu katikati ya tufani baharini mwezi Machi 1748, na mwenyewe aliitaja siku hiyo kama mwanzo wa kugeuka kwake. Lakini hakuiacha biashara ya watumwa. Aliendelea nayo, akawa nahodha wa meli za watumwa, akasali na kusoma Biblia ndani ya meli hizohizo, hadi 1754 alipougua na kuacha ubaharia. Ilipita miaka mingi zaidi ndipo, mwaka 1788, akachapisha kijitabu cha kuilaani biashara ile na kukiri aibu ya sehemu yake ndani yake.

Wahubiri hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa neema, nami naamini ni ushindi. Ila naomba tusiisimulie haraka mno. Watu waliofungwa minyororo chini ya sitaha hawakuwa somo la kiroho la mtu mwingine. Kila mwaka ambao Newton alisema ameokoka bila kuiruhusu neema iguse kazi yake, kuna watu waliolipa kwa miili yao. Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema "Mungu anaujua moyo wangu" huku kuna mwenzake anaendelea kuumia kwa ajili yake, namwuliza: na huyo naye, anaujua moyo wako kwa kuona nini?

Nimeanguka katika dhambi ileile mara nyingi mno. Je, neema yangu imekwisha?

Haijakwisha. Ingekuwa yako, ingekwisha. Ni ya Mungu.

Lakini najua jibu fupi halimfikii mtu aliyeanguka jana usiku, kwa hiyo nitakuomba tukae kidogo kando ya moto. Katika Injili ya Yohana kuna moto wa makaa mara mbili. Wa kwanza uko uani kwa kuhani mkuu (18:18): usiku, baridi, watumishi wamesimama wakiota moto, na Petro amesimama pamoja nao. Pale ndipo alipoulizwa na kukana, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekana mara tatu. Wa pili uko ufukweni (21:9), asubuhi, baada ya ufufuo. Juu yake kuna samaki, na pembeni kuna mkate, na aliyeuwasha ni Yesu mwenyewe. Neno la Kigiriki lililotumika kwa moto huo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya.

Fikiri harufu ile ilimfanyia nini Petro. Moshi wa makaa unakumbusha. Na Yesu hakumpitishia mbali na kumbukumbu yake. Alimrudisha pale pale palipoungua. Ila tazama utaratibu. Kwanza alisema, "Njoni mfungue kinywa." Alimlisha kwanza. Baada ya chakula ndipo alipomwuliza, "Wanipenda?" na akamwuliza mara tatu, idadi ileile ya kukana kwake. Ya tatu ilimwuma Petro, na Yohana hakuficha hilo. Na kila alipojibu, alipewa kazi: chunga, lisha.

Kwa hiyo usikimbie moto wako. Dhambi inayojirudia mara nyingi ina mahali pake, saa yake, upweke wake. Mlete Yesu mahali pale hasa, na umlete ndugu mmoja pia (nitalirudia hili hapa chini, kwa sababu sijaona mtu akitoka kwenye dhambi ya mazoea akiwa peke yake).

Nitajuaje kama ninayoyasikia moyoni ni Roho akinionya, au ni mashtaka tu?

Roho Mtakatifu hutaja kitu. Husema: yale maneno uliyomwambia mkeo jana, rudi ukayatengeneze. Mshtaki hutaja wewe: u mbovu, ulikuwa hivi, utakuwa hivi. Sauti ya kwanza huuma lakini ina mlango wa kutokea. Ya pili haina. Paulo alitofautisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, inayozaa toba, na huzuni ya dunia inayozaa mauti (2 Wakorintho 7:10). Petro na Yuda wote wawili walijuta. Petro alirudi kwa wenzake. Yuda alikwenda peke yake.

"Kujisalimisha kwa Mungu" maana yake nini hasa? Mimi nimeshaokoka.

Neno lenyewe lina mlio wa vita: mtu ameishiwa risasi, ananyosha mikono juu. Kuna ukweli humo, lakini tusiishie hapo, kwa sababu anayejisalimisha kwa adui hujisalimisha kwa hofu. Mimi napenda zaidi picha ya kutua mzigo. Petro aliandika, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu" (1 Petro 5:7). Kumtwika! Tumezoea kutwikwa mizigo na wakubwa wetu. Hapa Mkubwa anainamisha kichwa atwikwe yeye.

Na mzigo hautuliwi kwa jumla jumla. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa nimekosana na ndugu yangu wa damu, na kwa karibu miaka miwili niliomba kila wiki kwenye kikundi: "Bwana, naliweka jambo hili mikononi mwako." Niliomba vizuri, kwa machozi pia. Wakati huohuo nilikuwa nimehifadhi kwenye simu ujumbe alioniandikia siku ya ugomvi. Nilikuwa nausoma tena usiku, taa zikiwa zimezimwa, kila nilipohisi hasira inapoa.

Nilikuwa nimemwonyesha ujumbe ule mzee mmoja wa kikundi chetu. Jioni moja, baada ya sala yangu ileile, hakusema amina. Aliniuliza, "Umeshaufuta?" Nilimkasirikia. Nilimwambia si suala la ujumbe, ni suala la moyo. Akasema, "Sawa, basi ufute, kama si suala." Kidole changu kilikaa juu ya kioo cha simu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilipoufuta nilihisi kama nimeibiwa. Ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nimemkabidhi Mungu maneno, ushahidi nimebaki nao.

Ndugu yangu hakubadilika wiki ile. Tulizungumza baada ya miezi minne, kwa shida, na bado kuna mambo hatuyagusi. Lakini silali tena na simu mkononi.

Kwa hiyo, ukiniuliza usalimishe nini ilhali umeshaokoka, nami nitakuuliza: ni kitu gani umekihifadhi? Huwa ni kimoja, na mwenye nacho hukijua mara moja. Warumi 12:1 inasema tuitoe miili yetu "iwe dhabihu iliyo hai". Dhabihu iliyo hai ina uwezo wa kushuka madhabahuni, ndiyo maana inarudishwa.

Je, maana yake nikae tu, nisubiri Mungu atende?

Hapana. Unachosalimisha ni matokeo. Wajibu unabaki nao. Nehemia na wenzake walipotishwa, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Mgonjwa anayejisalimisha kwa Mungu humeza dawa zake kwa saa. Anayetafuta kazi hupeleka barua, kisha usiku hulala.

Nilisalimisha jambo langu Jumapili, Jumanne wasiwasi ukarudi. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Gethsemane, Yesu aliomba mara ya kwanza, akarudi akaomba tena, na mara ya tatu Mathayo anasema aliomba "akisema maneno yaleyale" (26:44). Kama Mwana wa Mungu alihitaji kusema mara tatu kwa usiku mmoja "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", wewe utaona aibu gani kurudia Jumanne? Paulo naye alisihi mara tatu kuhusu mwiba wake, na jibu alilopata halikuwa kuondolewa mwiba: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Luka, anapoandika habari ya kujitwika msalaba, ndiye anayeongeza maneno mawili, "kila siku" (9:23).

Kuna jambo jingine Gethsemane ambalo hatulihubiri vya kutosha. Kabla ya kwenda mbele kidogo kuomba, Yesu aliwaambia wanafunzi watatu aliokuwa nao, "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Aliomba wenzake wakae karibu. Walilala, tunajua, wakamwangusha. Lakini aliwaomba. Sijui mtu anapata wapi ujasiri wa kusema kwamba yeye mambo yake huyamaliza na Mungu peke yake.

Ninapigwa na kudhalilishwa nyumbani, nami naambiwa nijisalimishe na kuvumilia. Ni kweli?

Si kweli. Kujisalimisha kwa Mungu si kujisalimisha kwa anayekuumiza. Daudi alimkimbia mfalme Sauli usiku, akishushwa dirishani. Paulo aliteremshwa ukutani ndani ya kapu ili asiuawe, na alipokuwa karibu kupigwa mijeledi alidai haki yake ya uraia wa Kirumi (Matendo 22:25). Hakuna aliyewaambia wamekosa imani.

Toka uende mahali salama. Mwambie mtu unayemwamini, na utoe taarifa kwa mamlaka. Kusamehe ni safari nyingine, ina wakati wake, na haikudai urudi chini ya paa lile. Kama uliyemwendea kanisani anakurudisha ukapigwe, nenda kwa mwingine.

Naweza kuwa Mkristo bila kwenda kanisani? Nasoma Biblia yangu na nasikiliza mahubiri kwenye simu.

Wapo waliolazimika: mgonjwa asiyeinuka kitandani, mfungwa, mwamini aliye peke yake mahali ambapo imani yake ni hatari kwake. Mungu hawaachi, na ni kazi yetu kuwafuata waliko. Lakini wewe unayechagua kubaki nyumbani, naomba tusome pamoja amri za Agano Jipya na tusikilize lugha yetu yenyewe. Mpendane. Mchukuliane mizigo. Mkaribishane. Mkasameheane. Mfarijiane. Mwombeane. Kile kiambishi kidogo, -an-, kimekaa ndani ya kila neno. Huwezi kusameheana ukiwa mmoja. Huwezi kuchukuliana mzigo na redio. Ukiyatoa yote yenye -an- ndani yake, utabaki na dini nyembamba sana.

Waebrania 10:25 inaonya tusiache kukusanyika, "kama ilivyo desturi ya wengine". Kumbe hata karne ya kwanza walikuwapo waliokuwa wameshazoea kukaa nyumbani. Mahubiri ya simu ni mazuri, nami huyasikiliza. Ila mhubiri yule hajui kwamba umekonda.

Kikundi chenye uhai kinakuwaje? Chetu kimegeuka mkutano wa matangazo.

Luka ametaja mambo manne ya wale wa mwanzo: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate, kusali (Matendo 2:42). Likikosekana moja, mengine huanza kuyumba. Kikundi chenu, kwa swali lako, huenda kina fundisho na sala, lakini hakuna anayejua mwenzake anaishije.

Historia ina mfano mzuri. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, Wamethodisti walikuwa na deni la jengo lao. Wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, wakajigawa katika makundi ya watu kama kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kupita kukusanya. Viongozi walipoanza kupita, wakagundua mambo: huyu amerudi kwenye ulevi, huyu ana ugomvi nyumbani, huyu ana njaa. John Wesley, kiongozi wao, akaona kwamba deni limewapa kitu kikubwa kuliko pesa. Makundi yale yakawa uti wa mgongo wa Umethodisti, na swali lao la kila wiki lilihusu hali ya nafsi ya kila mmoja.

Idadi ndogo, kukutana bila kukosa, na swali moja la kweli: hayo matatu yanatosha kuanzia. Na kiongozi ajibu kwanza. Kiongozi akijibu "mimi sijambo, tumshukuru Mungu", kila mtu atakuwa hajambo mpaka mwaka uishe.

Kwetu alikuwapo kaka mmoja aliyekaa kiti cha karibu na mlango. Miezi mitatu hakusema kitu zaidi ya salamu. Usiku mmoja, zamu yake ilipofika, badala ya kutikisa kichwa alisema, "Nimekuwa nikiwadanganya nyumbani kwangu. Nilifukuzwa kazi zamani. Kila asubuhi navaa natoka, nazurura hadi jioni." Kisha akanyamaza akitazama viatu vyake. Nilikuwa nimeshafungua Biblia nitafute mstari. Kabla sijaupata, mama mmoja mtu mzima aliinuka, akakokota kiti chake kwenye sakafu kwa kelele ile ya miguu ya kiti, akakiweka kando ya kile cha mlangoni, akakaa. Hakusema neno. Nilifunga Biblia. Nilichokuwa natafuta kuwasomea kilikuwa kimeshafanyika mbele yao.

Je, ni lazima kuungama kwa mwanadamu? Si Mungu anatosha?

Msamaha hutoka kwa Mungu, na ukimwungamia yeye ni mwaminifu kukusamehe (1 Yohana 1:9). Yakobo anaongeza jambo la pili: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (5:16). Kuponywa. Kuna siri ambayo imeshasamehewa lakini bado inaoza, kwa sababu haijapigwa na upepo. Makanisa yenye sakramenti ya kitubio yana njia yake, na wenye nayo waitumie kwa moyo. Wengine, mchagueni mtu mmoja: mwenye umri wa imani, asiye mwepesi wa kushtuka, aliyewahi kukuambia udhaifu wake. Mwulize kwanza kama anaweza kubeba. Usimchague kwa sababu ana cheo.

Na anayesikiliza aelewe mipaka. Siri hulindwa, lakini si siri ya mtoto anayeumizwa wala ya mtu anayetaka kujiua. Hiyo hupelekwa panapo msaada siku hiyohiyo.

Kanisa liliniumiza. Nitawezaje kurudi?

Sitakuharakisha. Mimi pia nilikaa nje karibu mwaka mzima. Kiongozi niliyemwambia jambo la siri alilitumia kama mfano kwenye mahubiri. Hakutaja jina langu, lakini watu watano waligeuza shingo kunitazama. Kwa hiyo nikikuambia ushirika ni wa lazima, sisemi hivyo kwa kutojua unavyouma.

Pima aina ya jeraha. Kuna kuumizwa na watu dhaifu, ambao wakiambiwa watajuta. Hao Mathayo 18:15 inakuelekeza uwaendee, wewe na yeye peke yenu. Na kuna mahali ambapo uovu umepangwa na kufunikwa, anayesema hunyamazishwa, na fedha au miili ya watu inachezewa. Hapo usiwadai watoto wadogo na waliovunjika wafuate Mathayo 18. Ondoka, sema kwa wanaoweza kuzuia, na usijione umemwacha Mungu.

Mimi sikurudi kwa mlango mkubwa. Nilialikwa na watu wawili waliokuwa wakisali pamoja Alhamisi alfajiri. Wiki za kwanza sikuomba kwa sauti. Hawakuniuliza kwa nini.

Nikisali sihisi kitu. Je, imani yangu imekufa?

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa kufurahisha mwishoni, na Roho aliiacha hivyo ndani ya Maandiko. Anayelalamika mbele za Mungu bado yuko mbele za Mungu.

Kisha soma Marko 2. Wanne walimbeba mwenye kupooza, umati ukawazuia, wakatoboa dari, wakamteremsha. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao" alisema na yule mgonjwa. Imani yao. Hatuambiwi yule aliyelala mkekani alikuwa anahisi nini. Zipo nyakati zako za kushika pembe ya mkeka, na zipo nyakati zako za kulala juu yake. Usione haya kusema uko wapi wiki hii.

Sina mtu hata mmoja. Nianzie wapi?

Anza na ombi moja la wazi, kwa mtu mmoja, lenye jambo moja. Usiseme "niombee". Sema "kesho saa nne nina mazungumzo magumu na mwanangu, niombee, nami jioni nitakuambia ilikuwaje". Ombi la namna hiyo mtu hulikumbuka. Kama huna pa kulipeleka, nenda kwenye ibada Jumapili hii, na ikiisha usikimbilie mlango. Baki dakika kumi. Tafuta aliyesimama peke yake, maana naye yupo, na umwulize jina. Akikupa jina, Jumapili inayofuata mwite kwa jina hilo.

Na kama umeshaomba Mungu akuletee mtu, kumbuka Sauli, yule ambaye baadaye tunamjua kama Paulo. Alishikwa mkono akaingizwa Dameski, siku tatu haoni, hali wala hanywi, katika nyumba ya mtu aitwaye Yuda, kwenye njia iitwayo Nyofu. Alikuwa amekuja mji ule kuwafunga Wakristo, kwa hiyo hakuwa na wa kumwita. Anania, mwanafunzi wa Yesu mjini humo, aliogopa kwenda, na alimwambia Bwana hivyo waziwazi. Halafu akaenda. Akaingia, akaweka mikono juu ya mtu ambaye juma moja kabla angemkimbia, na maneno yake ya kwanza yalikuwa "Ndugu Sauli". Mara macho yakafunguka. Sauli akasimama, akabatizwa, akala chakula, akakaa siku kadhaa pamoja na wanafunzi.